Mwalimu Felicitas Wanja na Mwaka Aliofundisha Bila Sauti

Wazee wetu, watumishi wa Mungu, walimu, majirani, na nyinyi watoto wa Shule ya Msingi ya Kirindara mlioketi pale mbele kwenye nyasi, mimi ni Maxine Kaari, mtoto wa kwanza wa mama tunayemsindikiza leo, na baba ameniomba nisimame kwa niaba ya familia niwasomee maisha yake, kwa hivyo nitasoma polepole, na mkiona nimenyamaza kidogo mnivumilie, nitaendelea.

Felicitas Wanja alizaliwa tarehe 17 Machi 1973 huko Kibugu, Embu, juu kabisa ambako mashamba ya majani chai yanapakana na msitu, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Njue na nyanya yetu Kanini, ambaye ameamka leo asubuhi na mapema, kwa miguu yake inayomsumbua, akasafiri kutoka Embu kuja kumzika mwanawe. Nyanya hutuambia kwamba Wanja alikuwa mtoto wa kelele, si kelele za ukorofi bali za furaha, na kwamba karani wa kituo cha kuuzia majani chai alikuwa akimtafuta kila jioni amsaidie kuita majina ya wakulima, kwa sababu sauti yake ilivuka bonde na kufika mpaka ng'ambo, na watu wa huko wakaizoea, wakisikia wanasema huyo ni wa Njue, twendeni.

Alianza masomo mwaka 1980 katika shule ya msingi iliyokuwa karibu na kwao, akafanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 1987, akaendelea na shule ya sekondari ya wasichana huko huko Embu, akamaliza kidato cha nne mwaka 1991. Wakati huo alitaka kuwa muuguzi, na alikuwa ameshaanza kuulizia nafasi, lakini mwaka uliofuata, akiwa nyumbani anachuma chai na mama yake, mwalimu mmoja wa darasa la kwanza alienda likizo ya kujifungua, na kamati ya shule ikamwomba Wanja ashikilie darasa hilo mpaka mwenyewe arudi. Aliingia akidhani ni kuwatuliza watoto tu. Siku moja msichana mmoja mdogo alikazana na herufi ubaoni, akaziunganisha, akasoma neno kuku, kisha akageuka dirishani, akamwona kuku halisi akiparua uani, akamtazama tena kuku wa ubaoni, akaanza kucheka, na hakuweza kuacha. Mama alitusimulia kisa hicho mara nyingi sana, na kila mara alimaliza kwa kusema, "Nilijua hapo hapo kwamba hiyo ndiyo kazi ninayotaka, nione sura ile tena na tena." Mambo ya uuguzi yakaishia hapo. Mwaka 1993 alijiunga na Chuo cha Walimu cha Kigari, akahitimu mwaka 1995 kama mwalimu wa shule za msingi.

Mwezi wa Mei mwaka 1996 aliajiriwa na kupangiwa kazi hapa Meru, katika shule ya Kirindara, juu ya Makutano, na hakuwahi kuiacha. Aliposhuka hapo Makutano akiwa na sanduku lake na blanketi, hakujua mtu hata mmoja, na Kimeru alikisikia kwa mbali, kwa kuwa kinafanana na Kiembu mahali na kuachana mahali. Asubuhi ya kwanza watoto walimsalimu, "Muga, mwalimu!" naye akasimama asijue kwamba jibu ni hilo hilo, muga, na watoto wakamfundisha pale pale, wote kwa pamoja, wakirudia mpaka akapata. Alipenda kusema kwamba darasa lake la kwanza lilimfundisha kabla yeye hajalifundisha, na kwamba tangu siku hiyo hakuwahi kumcheka mtoto aliyekosea neno.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa, katika kanisa la Methodist hapa mjini Meru, na baba yetu, Josphat Muthamia, fundi seremala ambaye mpaka leo ana karakana yake Makutano. Mungu akawajalia watoto wawili, mimi mwaka 1999, na ndugu yangu Munene mwaka 2004. Baba ni mtu wa maneno machache, mama alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili, na nyumba yetu ilienda hivyo, yeye akizungumza na kuimba jikoni, baba akitikisa kichwa na kutabasamu, sisi tukifanya kazi za shule mezani.

Katika miaka yote hiyo mama alifundisha darasa la kwanza, ambalo siku hizi linaitwa Gredi ya Kwanza. Aliwahi kupewa darasa la nane akalirudisha, akaombwa kuwa naibu wa mwalimu mkuu akakataa, akasema darasa la nane lina walimu wengi wanaolitaka, lakini mtoto akivuka darasa la kwanza bila kujua kusoma atakuwa anabebwa tu miaka yote mpaka mgongo wa mtu uchoke. Wengi wenu mliosimama hapa mlipitia mikononi mwake, na baadhi yenu mlimletea watoto wenu pia.

Mwaka 2023 sauti yake ilianza kukwaruza. Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu ni mwalimu gani wa watoto wadogo asiyepoteza sauti mwisho wa muhula? Mama akanywa maji ya tangawizi na limau, akaendelea. Mwezi wa Aprili mwaka 2024, baada ya kuanza kumeza chakula kwa shida, alienda kupimwa akakutwa na saratani ya koo, na mwezi wa Agosti alifanyiwa upasuaji jijini Nairobi, ambapo madaktari, ili waokoe maisha yake, iliwabidi waondoe sehemu ya koo inayotoa sauti, wakamwachia tundu dogo shingoni la kupumulia. Usiku wa kuamkia upasuaji alitupigia simu mimi na Munene, akatuimbia wimbo aliokuwa akituimbia tukiwa wadogo, akakata. Hatukumsikia tena.

Alipomaliza matibabu ya mionzi mwezi wa Novemba, kila mtu aliamini kwamba kazi ya ualimu imefika mwisho. Siku moja tukiwa jikoni, baba, ambaye sasa ndiye aliyekuwa na kazi ya kuzungumza, alimwambia, "Mama Kaari, umefundisha vya kutosha, hakuna atakayekulaumu ukikaa nyumbani." Mama alikuwa na kibao kidogo chenye mpini alichotengenezewa na baba mwenyewe, akaandika, "Gredi ya Kwanza watafundishwa na nani?" Baba akamjibu, "Serikali italeta mwalimu." Mama akafuta, akaandika, "Mwaka gani?" Baba akacheka bila kutaka, na kwa kucheka kule akawa ameshindwa.

Kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa Januari mwaka jana, nilimsindikiza kwa mwalimu mkuu, Bi. Kagwiria, ili nimsemee. Bi. Kagwiria, na ninajua hatachukia nikilisema, alilia kwanza, kisha akamwambia ukweli, "Madam Wanja, mwalimu wa Gredi ya Kwanza anaimba, anasimulia hadithi, anatamka herufi watoto wamfuate. Wewe utafanyaje? Nikuweke maktaba, angalau upumzike." Mama alitikisa kichwa, akaandika, "Nipe muhula mmoja." Mwalimu Oscar, kijana aliyekuwa tarajali na hana hata mwaka mmoja kazini, alikuwa amekaa pembeni akisubiri kupangiwa darasa, akasema, "Mimi nitaimba. Madam afundishe, mimi niimbe." Bi. Kagwiria akamwuliza kama anajua kuimba, naye akajibu, "Sijui, lakini nitaimba." Na kweli hajui, walimu wenzake ni mashahidi.

Habari zilipowafikia wazazi, mkutano uliitishwa, na darasa likajaa mpaka wengine wakasimama nje madirishani. Aliyesimama kuzungumza alikuwa Bwana Mutuma, mwenye duka la viatu Makutano, ambaye binti yake Karimi ndiyo kwanza alikuwa anaingia shule, na ameniruhusu niyasome maneno yake kama yalivyokuwa. Alisema, "Mimi sina ubaya na mwalimu. Alimfundisha ndugu yangu, namheshimu sana. Lakini tuambiane ukweli, mtoto anaenda shule kumsikia mwalimu. Sasa huyu hawezi hata kuwaambia wanyamaze. Watoto wetu ndio wafanyiwe majaribio?" Watu wakanung'unika kwamba ana haki ya kuuliza.

Mama akainuka, akaenda ubaoni, akaandika kwa herufi kubwa, za duara, zile anazoandikia watoto, "Bwana Mutuma, tafadhali keti." Bwana Mutuma akasoma, akaketi. Ndipo mama akageuka tena akaandika chini yake, "Umenisikia?"

Mkutano mzima ukaangua kicheko, Bwana Mutuma akiwamo. Akapewa muhula wake mmoja.

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yalienda vizuri mara moja, lakini hayakwenda. Wiki ya kwanza watoto waliogopa kitambaa alichofunikia tundu la shingoni, wengine wakalia. Kile kifaa cha kuweka shingoni alichopewa hospitalini, ambacho hutoa sauti kama ya mashine, kilipowashwa darasani nusu ya watoto walikimbilia mlangoni, mama akacheka kicheko chake kisicho na sauti, akakifungia kabatini. Vumbi la chaki nalo lilimwingia kwenye tundu la kupumulia, akakohoa mpaka machozi, ikabidi aache ubao na aanze kuandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye vipande vya maboksi. Maboksi yakaisha. Siku iliyofuata Bwana Mutuma alisimamisha tuktuk mlangoni mwa darasa, akashusha maboksi ya viatu yaliyokunjwa, mzigo mzima, akamwambia Mwalimu Oscar, "Haya ni ya madam," akaondoka, na akawa anayaleta hivyo mpaka mwaka ukaisha.

Basi wakaanza. Asubuhi Mwalimu Oscar aliimba wimbo wake mbovu watoto wakaamka, kisha mama akasimama mbele, akainua kipande cha boksi, akaumba neno kwa midomo polepole, na kwa sababu yeye hakuweza kulitamka, ilibidi watoto ndio walitamke. Mmoja akisema, mwenzake anampinga, wa tatu anasema nyote mmekosea, na mama anasubiri, macho yake kwenye midomo yao, mpaka apatikane aliyepatia, hapo anapiga makofi mawili. Darasa la mwalimu asiye na sauti likawa ndilo lenye kelele kuliko yote shuleni. Bi. Kagwiria alikuja siku moja kuuliza kuna nini, akasimama mlangoni, akasikiliza, akarudi ofisini bila kuuliza. Mwalimu Oscar alituambia kwamba chuoni alifundishwa namna ya kuzungumza na watoto, lakini ni kwa mama alikojifunza namna ya kuwaacha wazungumze.

Mwezi wa Juni, ule muhula mmoja ukiwa umepita na hakuna aliyemwambia aache, wakati wa baridi kali, kifua kilimshika akalazwa, na madaktari wakamshauri apumzike mpaka mwisho wa muhula, akarudi darasani Jumatatu iliyofuata akiwa amevaa sweta mbili, moja ikiwa ya baba. Ni siku zile zile Karimi, akitoka shule na baba yake, alisimama katikati ya Makutano, kati ya bodaboda na malori, akasoma kwa sauti jina la duka lililoandikwa ukutani, akasoma na la pili, akasoma na la tatu, akakataa kutembea mpaka amalize mtaa mzima. Bwana Mutuma alikuja nyumbani kwetu jioni hiyo hiyo, akakaa, akanywa chai, akashindwa kueleza alichojia, mwishowe akasema tu, "Mwalimu, huyu mtoto amesoma mpaka duka la adui yangu." Mama alicheka mpaka akalazimika kushika kiti.

Shule ilipofungwa mwishoni mwa mwaka jana, darasa lote la Gredi ya Kwanza lilikuwa linasoma ukurasa mzima bila kusaidiwa, isipokuwa watoto wawili, ambao sitawataja majina. Wengine walimpongeza, wakamwambia wawili tu si kitu, lakini mama hakupenda kusikia hivyo, akawa ananijibu kwa midomo, nami nikiwasomea wageni, "Mwulize huyo, kama mmoja wao angekuwa wake, angesema si kitu?"

Mwezi wa Desemba ugonjwa ulirudi, safari hii kwenye mapafu, na madaktari wakatueleza waziwazi kwamba hakuna upasuaji wa kusaidia. Mama aliposikia hivyo aliuliza jambo moja, kama ataweza kufika Januari, na kwa Januari alimaanisha siku ya kufungua shule. Tangu hapo kitanda chake kikawa ofisi. Mwalimu Oscar, ambaye sasa ndiye angelichukua darasa, alikuja kila alasiri ya likizo, mama akaumba maneno kwa midomo, mimi nikatamka, na mpango wa mwaka huu wote ukapangwa hivyo. Watoto wapya waanze kwa kusoma majina yao wenyewe kabla ya herufi yoyote, kwa kuwa hakuna mtoto asiyependa jina lake. Kila mzazi, hata yule asiyejua kusoma, amsikilize mtoto wake kila jioni, maana kazi yake ni kuketi na kusikiliza tu. Na wale wawili waliobaki, ingawa wamevuka kuingia Gredi ya Pili, wafike kila siku kabla ya kengele, wakae na Mwalimu Oscar, na wasiambiwe kwamba wamechelewa, waambiwe kwamba wanasubiriwa.

Alimwambia pia jambo ambalo nilishindwa kulitamka vizuri siku ile, nitalisema leo. "Ukipaza sauti watasikia hasira yako, hawatasikia neno." Mwalimu Oscar akamwuliza, "Madam, kweli nitaliweza hilo darasa?" Mama akaumba maneno polepole ili ayasome mwenyewe bila mimi, naye akayasoma kwa sauti, "Utaimba vibaya, lakini utafundisha vizuri," akatoka nje akasimama uani peke yake.

Mama aliifikia Januari. Shule ilipofunguliwa, baba alimbeba kwenye tuktuk ya Bwana Mutuma mpaka langoni, akashuka, akawapokea watoto wapya akiwa ameketi kwenye kiti, akamshika kila mmoja mkono, akarudi nyumbani kulala. Hakurudi tena darasani. Alilazwa mwishoni mwa mwezi katika hospitali ya rufaa hapa Meru, na asubuhi ya Jumapili, tarehe 8 Februari 2026, baba akiwa ameshika mkono wake wa kulia na Munene wa kushoto, alivuta pumzi yake ya mwisho bila kuhangaika. Katika mambo aliyotuagiza, moja lilikuwa kwamba asizikwe siku ya shule, ndiyo maana tumewaita leo Jumamosi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Nairobi na wa hapa Meru, ambao walijifunza kusoma midomo yake na wakaacha kumpazia sauti kana kwamba ni kiziwi. Tunawashukuru majirani, hasa akina mama waliomwogesha, wakampikia uji anaoweza kuumeza, na kukaa naye siku nzima wakimpigia hadithi asizoweza kujibu. Tunamshukuru Bi. Kagwiria kwa ule muhula mmoja, ambao angeweza kutompa. Tunawashukuru wazazi wa Kirindara, Bwana Mutuma akiwa mbele yao, tunawashukuru ndugu zetu wa Kibugu waliotuazima binti yao miaka yote hii bila kulalamika, na tunamshukuru Mchungaji na kanisa. Mwalimu Oscar, wewe tunashindwa namna ya kukushukuru, kwa hivyo endelea tu kuimba.

Nimalizie na habari moja ambayo mama hakuiwahi, nayo aliileta Mwalimu Oscar Jumatano jioni wiki hii, akiwa bado ana wino mikononi. Kati ya wale watoto wawili, mmoja, asubuhi hiyo, kabla ya kengele kulia, alichukua kipande cha boksi, akasoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, akaendelea mpaka chini, akauliza kama kuna kingine.

Pumzika mama, kwa amani uliyoitolea jasho. Amebaki mmoja, na Jumatatu atatukuta tukimsubiri.